Ini la Mbuzi na Shamba la Chini

Majina siandiki. Si kwamba ninaogopa. Wengi wao wameshakufa, na walio hai wakisoma hapa watajijua. Nitawaita kwa vyeo vyao: baba mdogo, mzee wa kanisa, chifu mdogo. Kwetu, upande wa Ekerenyo, mtu yeyote wa umri wangu ataelewa ni nani. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo aliyezoea vitabu anivumilie.

Babu yangu alikuwa na wake wawili. Baba alizaliwa nyumba kubwa, baba mdogo nyumba ndogo. Kabla hajafa, babu alitembea na wanawe hao kutoka mlimani hadi mtoni akiwaonyesha: hapa pako, pale pa mwenzako. Baba mdogo alipewa kipande cha katikati, kikubwa na kizuri. Baba alipewa viwili: cha juu, chenye mawe na mteremko mkali, na cha chini karibu na mto, udongo mwekundu ambao hata kijiti cha kuwashia moto ukikichomeka kinachipuka. Karatasi hapakuwa. Mpaka ulikuwa mtaro tu, pamoja na maneno ya babu.

Shamba la chini tulilitengeneza baba na mimi. Nilikuwa nimeshatahiriwa, shule nimeacha, nguvu ninazo. Tulibeba samadi kichwani kutoka zizini, vikapu na vikapu, tukapanda ndizi, na wakulima wadogo waliporuhusiwa kupanda majani chai, baba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutia miche. Baba alikuwa mtu wa Sabato. Aliokoka akiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya pombe, na alishika wokovu kama mtu aliyetolewa mtoni akiwa ameshakunywa maji. Tukibeba samadi alipenda kusema kwamba kuna mtume aliyekuwa na kila kitu, akakilinganisha na Kristo, akaona ni mavi.

Baba mdogo alikuwa akisimama kwenye mtaro kumchokoza.

"Mwana wa baba, kama mali ni mavi, mbona hayo unayabeba kwa adabu hivyo?"

"Kwa sababu najua mahali pake," baba alimjibu bila kutua kikapu. "Yanakaa chini ya ndizi."

"Basi nipe mimi ndizi, wewe ubaki na mtume."

Walicheka wote wawili. Nakumbuka vizuri kwamba walicheka.

Miaka michache baada ya uhuru, kupima mashamba kukafika kijijini kwetu. Wapimaji walikuja na minyororo yao, na mbele yao ikatangulia kamati ya wazee wa kuamua ugomvi wa mipaka, ili kila mtu aandikwe na apewe namba. Ndipo baba mdogo alipoiambia kamati kwamba shamba la chini ni lake. Alisema babu alimpa akiwa kitandani, siku mbili kabla ya kufa, wakiwa wawili tu. Mashahidi? Bibi zangu wote wawili walikuwa wamekufa.

Sheria ya serikali sijui ilisemaje, lakini kamati ile ilikuwa na njia yake ya zamani. Mkikosa shahidi, mnapelekwa kwenye mti wa omotembe, ule wenye miiba kwenye gome na maua mekundu. Kila mmoja anapewa kigingi. Anakipigilia kwenye mti kwa jiwe huku akisema: kama nadanganya, mti huu unile mimi na nyumba yangu. Kiapo hicho tunakiita emuma, na jina hilohilo ndilo tunaloliita lile linalokuja kukumaliza ukiwa umedanganya: ng'ombe wanakufa, halafu watoto, halafu wewe. Asiyetaka kupiga kigingi ameshajihukumu. Hakuna Mgusii wa wakati ule aliyehitaji kuelezwa hilo.

Sabato ya kabla ya siku hiyo, mzee wa kanisa alisimama akatuhubiria. Yeye alikuwa ndani ya kamati ile. Alisema wazi kwamba muumini atakayegusa omotembe jina lake litafutwa kitabuni, maana huwezi kuwa wa Kristo na wa mti. Baba alitikisa kichwa akikubali. Nilifurahi, nikajua mzee huyo atatutetea mbele ya wenzake.

Siku ya kigingi baba mdogo alianza. Alipiga mara nne, maneno akayatamka kwa sauti, ila jasho lilikuwa likimtoka wakati jua lilikuwa bado halijawa kali. Kisha wakamgeukia baba.

"Piga na wewe, twende zetu," chifu mdogo akamwambia. "Tuna mipaka mingine mitano leo."

"Nimeshasema. Shamba ni langu, nilipewa na baba yangu. Zaidi ya hapo sina neno."

"Neno lako hatulikatai, lakini mwenzako amepiga."

"Siapi mimi. Bwana wangu alikataza. Na nyumba yangu iko mkononi mwake, siwezi kuichukua huko nikaupe mti uishike."

Watu wakaguna. Mzee mmoja, mwenye huruma nadhani, akasema: "Kama baba hawezi, kijana apige. Si ametahiriwa huyu? Si alilima?"

Nilitoka mbele. Nililiokota lile jiwe, na kigingi nikapewa. Miaka yangu yote ya utu uzima ilikuwa mle shambani: mke nitakayeoa, watoto, kaburi langu. Na tulikuwa wakweli. Mkweli anaogopa nini kwenye emuma?

Baba hakupaza sauti. "Ukikipiga, shamba utalipata," alisema. "Mimi hutanipata tena."

Nilimtazama mzee wa kanisa. Nilitaka afungue mdomo tu, awaambie wenzake yale aliyotuhubiria, kwamba watu wetu hawaapi, na neno la mtu kama baba lipokewe hivyo lilivyo. Alikuwa akiangalia viatu vyake. Nikaliweka jiwe chini. Kamati ikaandika shamba la chini kwa baba mdogo, na mzee wa kanisa akatia sahihi pamoja na wengine. Kabla mwaka haujaisha, mashine yake ya kusaga mahindi ilikuwa ikinguruma kwenye kona ya shamba lile, kando ya barabara. Baba mdogo alikuwa amemkatia kipande. Sihitaji kuongeza neno hapo.

Tukahamia juu, kwenye mawe. Baba alijenga nyumba chini ya genge la mlima kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi tambarare. Mama hakulalamika, au kama alilalamika, hakufanya hivyo mbele yangu. Mimi nililalamika. Nilikuwa nikichuma majani chai kama kibarua kwenye mashamba ya watu huku nikiona yetu, niliyoyapanda kwa mikono yangu, yakichumwa na wake za baba mdogo. Kanisani nikaacha kwenda. Baba akiniamsha Sabato asubuhi namwambia mguu unauma.

Mvua za mwaka wa tatu zilikuwa mbaya. Siku hiyo ilikuwa Sabato, alasiri. Baba alikuwa kanisani kwenye mafundisho ya mchana. Mama alibaki na dada zangu wawili kwa sababu mdogo alikuwa na surua. Mimi nilitoka kuhamisha ng'ombe aliyekuwa anazama kwenye matope. Nilisikia mlio kama lori linalomwaga kokoto. Nikageuka, nikaona mahali pa nyumba hakuna nyumba. Udongo ukanifikia kiunoni, jiwe likanivunja mguu wa kushoto, na hapo nikabaki nimesimama kama nguzo, nikipiga kelele.

Wa kwanza kufika alikuwa baba mdogo. Nasema hili kwa sababu ni kweli, ingawa halinifurahishi. Alinitoa, halafu akachimba. Jembe likavunjika mpini, akachimba kwa mikono, kucha zikatoka, watu wakamwambia apumzike akakataa. Yeye ndiye aliyempata mama. Dada zangu walikuwa wamemshika, mmoja kila upande. Baba alikuta wamelazwa juu ya majani ya ndizi. Alikuwa na kitabu cha nyimbo ndani ya koti ili kisiloe. Aliketi kwenye matope karibu na kichwa cha mama, akaketi tu.

Kesho yake aliomba jambo moja. Udongo wa juu ulikuwa bado unasogea, akaomba aruhusiwe kuwazika chini, karibu na mto. Baba mdogo alitaka kukubali, nilimwona. Chifu mdogo akakataa.

"Kaburi ni mpaka," alisema. "Leo unazika, kesho mwanao atakuja kudai kwamba mama yake amelala pale."

Tukawazika juu, kwenye mawe, mashimo mafupi. Mzee wa kanisa akatoa neno kwamba Mungu humrudi ampendaye. Nilikuwa nimelala kwenye machela, mguu umefungwa kwa vijiti. Kama ningeweza kusimama ningempiga.

Halafu yakaanza maneno. Kila mahali, hadi Nyakoe sokoni, watu walisema emuma haikosei nyumba. Aliyepiga kigingi yuko mzima, ng'ombe wake wananona. Aliyekataa ameliwa watatu kwa siku moja. Nani basi alikuwa mwongo? Baba aliyasikia. Wanawake walikuwa wakiondoa watoto wao njiani akipita. Aliwasalimu vilevile.

"Hayakuumi?" nilimuuliza siku moja.

"Yananiuma."

"Na bado unaimba asubuhi."

"Naimba kwa sababu yananiuma," alisema, akaendelea kupanga mawe. Alikuwa akijenga kibanda kingine, upande wa pili, mbali na genge.

Ilipofika miaka ya sabini, mambo ya baba mdogo yakageuka. Mwanawe wa kwanza alifariki kwa homa ndani ya juma moja. Ng'ombe wawili wakafuata. Mtu mwingine angesema ni homa na ni ng'ombe. Lakini yeye alijua alichokifanya kwenye ule mti, na mtu anayejua hivyo hata kikohozi hukihesabu. Alikonda. Tukasikia kwamba hali chakula kilichopikwa na mtu mwingine, na usiku anaacha taa inawaka.

Siku moja akapanda kwetu na mbuzi dume mweusi, na mzee mmoja anayejua kufungua viapo. Maana emuma ina kufunguliwa kwake. Waliogombana wanachinja mbuzi mmoja, wanakula ini pamoja, kila mmoja kipande, na kabla ya kumeza wanauambia mti: tulikuita, uliingia nyumbani mwetu, sasa tunakushukuru na tunakurudisha. Mmoja akikataa, mwingine habanduki.

"Mwana wa baba," baba mdogo alisema, na sauti ilikuwa imekwisha, "nilidanganya. Unajua nilidanganya. Kula na mimi, na shamba la chini ni lako leo. Mzee huyu ni shahidi."

"Nilikusamehe siku ileile uliyopiga," baba akamwambia. "Kaa, tukupe uji."

"Msamaha wako haunifungui. Kula na mimi."

"Kama ni haki yangu, nirudishie. Mbuzi wa nini?"

"Nikirudisha kabla sijafunguliwa nimekiri nikiwa uchi. Nitakufa njiani nikienda nyumbani."

"Hutakufa. Nitaomba na wewe sasa hivi. Yuko aliyelibeba hilo tayari."

"Huyo wako simjui," baba mdogo alisema. "Ninayemjua ni huyu aliyemchukua mtoto wangu."

Mimi sikuweza kunyamaza. Nilimvuta baba kando, nyuma ya kibanda. "Ni nyama, baba. Nyama tu. Kula, tema mate, tushuke tukaishi kama watu. Mama amekufa kwa ajili ya mawe haya."

"Nikila nitakuwa nimesema ni mti uliomchukua mama yako. Nitakuwa nimeushukuru kwa kuniachia wewe." Alinishika bega. "Mama yako alikufa hana shamba, lakini alikuwa na Kristo mwenyewe. Wewe unataka nipate shamba nimkose mwenyewe."

"Kristo amekupa nini? Nionyeshe. Nionyeshe kwa kidole."

Alirudi, akapiga magoti mbele ya baba mdogo, akamshika mikono, akamwombea kwa jina, wake zake kwa majina, na marehemu mwanawe akamtaja. Baba mdogo alilia. Kisha akasimama, akakata kamba ya mbuzi kwenye kigogo, akashuka naye. Baba alimtazama mpaka alipopotelea kwenye mahindi. Nilimchukia baba siku hiyo kuliko nilivyomchukia ndugu yake, nami sioni faida ya kuficha.

Baba aliishi miaka mingine kama sita. Kifua kilimsumbua kwa sababu ya kuvunja mawe kwenye baridi. Hakuwa na kitu, na watu walewale waliowahi kuondoa watoto njiani walianza kupanda mlima kuja kuombewa. Wengine hata wa kanisa lingine, Wakatoliki. Walimkuta kwenye kigoda, wakaondoka wametulia. Mimi nilikuwa nikiwapita na mikungu ya ndizi za watu niliyokuwa nikiipeleka soko la Daraja Mbili kuuza, sisalimii. Alipokuwa anakufa aliniambia, "Baba yako mdogo usimchukie. Anaogopa tu." Kisha akaniambia hataki chochote, amekuwa nacho. Nilidhani akili inapotea.

Miezi miwili baada ya kumzika, baba mdogo akapanda tena. Safari hii mbuzi alikuwa mwekundu. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na mvua zilikuwa zinakaribia, na kutoka mlangoni kwangu niliona lile genge.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ndiwe nyumba kubwa sasa. Maliza."

Nilishuka naye hadi kwenye omotembe. Kigingi chake cha zamani kilikuwa kimemezwa na gome. Ini lilikuwa halijaiva vizuri, lilikuwa vuguvugu. Nilisema yale maneno yote. Nilisema emuma ndiyo iliyoingia nyumbani mwetu, ndiyo iliyomchukua mama na dada zangu, na kwamba ninaishukuru kwa kuniacha hai. Nilijua kila neno ni uongo. Nilimeza.

Baba mdogo alikaa chini akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alilala usingizi kuanzia siku hiyo, akanenepa, akafa mzee sana. Shamba likaandikwa kwangu. Mzee wa kanisa alilifuta jina langu kitabuni kwa ajili ya mbuzi, akalirudisha mwaka uliofuata nilipokubali mashine yake ibaki kwenye kona. Hilo nalo silifichi.

Majani chai yamenilea vizuri. Watoto sita, nyumba ya bati, wote wamesoma. Wanaokuja kwangu wanakuja kuomba miche au kazi ya kuchuma. Hakuna aliyewahi kuja nimwombee. Nikipiga magoti jioni, maneno ya kwanza yanayonijia mdomoni ni yale niliyouambia mti, na inanibidi ninyamaze kwanza mpaka yapite. Mara nyingine hayapiti. Ndipo nilipoelewa alichokuwa nacho baba ambacho sikuweza kuonyeshwa kwa kidole. Nilikuwa nakiona kila asubuhi kwa miaka yote ile, nikadhani ni umaskini.

Mwaka huu nilimweleza mchungaji wetu, kijana wa juzi tu. Alinihurumia. "Mzee, hayo yalipita. Mungu alishasamehe. Shamba lilikuwa haki yenu hata hivyo."

"Mchungaji, sikuuliza kama anasamehe," nilimwambia. "Hilo nalijua kutoka kwa baba. Nataka uje nyumbani, watoto wakiwa wote, usikie nikiwaambia nililipataje na nilimkana nani."

Amekubali, ni Jumapili ijayo. Mke wangu amenuna tangu nimwambie. Anasema watoto watanidharau, na majirani watapata la kutafuna. Inawezekana. Mwanangu wa kwanza, yule aliyekuwa tumboni, amekuwa akinisukuma nimkatie kipande chake ajenge, na juzi alikuja na kamba ya kupimia. Nimemwambia aikunje. Nitamkatia, lakini asikie kwanza.